Mama Pélagie, Mabalozi Saba na Jumapili Moja Moja

Jumanne ya tarehe 30 Juni 2026, Mama Pélagie Nabintu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho katika makazi ya balozi wa Hispania hapa Stockholm, baada ya kuitumikia nyumba ile kwa miaka ishirini na mitano na miezi minne. Alianza tarehe 1 Machi 2001 akiwa mwosha vyombo. Anaondoka akiwa mpishi mkuu. Katikati hapo wamepita mabalozi saba, na wote saba, kwa neema ya Mungu, wamekula wakashiba.

Kamati ya kanisa imeniomba mimi, Mueni, msaidizi wake jikoni tangu mwaka 2012, niandike maneno haya kwa ajili ya ratiba ya leo ya kumuaga. Niliwaambia wamtafute mwenye shule zaidi. Wakasema wenye shule hawajawahi kumenya viazi naye. Basi na iwe.

Mama Pélagie alizaliwa Bukavu, Kongo, akaolewa Uvira. Vita vilipofika mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika na watoto watatu katika boti iliyojaa kupita kiasi, na humo ndani aliweka nadhiri. Alimwambia Mungu kwamba wakifika upande wa Kigoma wakiwa wanne kama walivyopanda, hakuna Jumapili itakayopita bila yeye kusimama mbele zake pamoja na watu wengine na kuimba. Walifika wanne. Kambini aliimba, na alipoletwa Uswidi mwaka 2000, Jumapili ya kwanza kabisa, na theluji imefika magotini, alitoka Rissne, alikokuwa akiishi, kwa miguu akitafuta mahali panapoimbwa. Hivyo ndivyo alivyofika hapa Hallonbergen, na kwaya hii yetu imeongozwa na mkono wake tangu siku hiyo.

Sasa fikirieni mtu mwenye nadhiri ya namna hiyo anaajiriwa katika nyumba ambayo mwenyeji wake hubadilika kila baada ya miaka mitatu, minne. Maana kazi ya ubalozi ndivyo ilivyo. Sisi huku nje tunaona gari jeusi na bendera, tunadhani ni raha tupu. Ukikaa jikoni unaona mengine. Mtu anaanza ujana wake katibu mdogo mahali kama Manila, anapelekwa Rabat, anarudishwa Madrid miaka miwili akae ofisini, anatumwa Lima, halafu nywele zikishakuwa nyeupe ndipo anaambiwa: wewe sasa ni balozi, nenda Stockholm. Watoto wamesoma shule sita kwa lugha nne. Mke ana sufuria zake kwenye masanduku ambayo hajayafungua tangu nchi mbili zilizopita. Na pale tu anapoanza kujua duka gani lina samaki mzuri, simu inalia: funga mizigo.

Kwa hiyo wao huenda na Mama Pélagie hubaki, na kila ajaye huja na utaratibu wake. Mmoja anataka chakula cha mchana siku hii, mwingine anapokea wageni siku ile. Kila mara Jumapili ya Mama Pélagie ilikuwa inarudi mezani kujadiliwa upya, kama vile haijawahi kukubaliwa.

Balozi wa kwanza, Don Anselmo, hakuwa na shida. Alikuwa mtu wa misa. Mama Pélagie alimwambia siku ya usaili kwamba Jumapili asubuhi yeye ni wa Mungu, mzee yule akajibu kwamba hata yeye. Isitoshe, Wahispania hula chakula cha mchana saa tisa. Nimewahi kumsikia Mama akishuhudia hapa hapa madhabahuni kwamba Mungu aliwaumba Wahispania wachelewe kula ili yeye awahi ibada. Ibada inaanza saa nne. Saa saba kasoro anatoka, anachukua metro ya buluu mpaka Kungsträdgården, anapanda tramu ya Djurgården, yalipo makazi ya balozi, na saa tisa juu ya alama sahani zipo mezani.

Wa pili, Doña Remedios, alikuja mwaka 2004 na saa mkononi. Mama huyo alikuwa mwema, lakini alipenda kila kitu kiandikwe, na neno la mdomo la mtangulizi wake hakulijua. Iliwachukua wiki tatu kuelewana. Kilichoamua ni tortilla ya Mama, ambaye kufikia hapo alishaanza kupika, ile ya Kihispania ya viazi na mayai, ambayo mimi siku ya kwanza kuionja nilisema hii ni chipsi mayai ya wenye vyeo, na Mama Pélagie akanifukuza jikoni kwa mwiko. Doña Remedios alikula kipande, akala cha pili, kisha akasema mtu anayepika hivi apewe Jumapili zake. Mwaka 2006 alimpandisha kuwa mpishi mkuu.

Lakini zile wiki tatu zilimtisha Mama Pélagie. Aliona kwamba nadhiri yake imening'inia kwenye ulimi wa mtu ajaye, ambaye hata hajulikani bado yuko nchi gani.

Hapa ndipo anaingia ndugu yetu Gitau, dereva wa ubalozi tangu 2003, ambaye mnamjua kwa suti yake na kwa maelezo yake marefu. Gitau ndiye aliyemfundisha itifaki. Siku moja akiwa anafuta gari alimweleza kwamba balozi mpya haingii kazini hivi hivi. Huja na barua mbili kutoka kwa mkuu wa nchi yake: moja ya kumrudisha nyumbani aliyetangulia, nyingine ya kumtambulisha yeye. Hupelekwa Ikulu ya Kifalme kwa gari la farasi, amevaa koti lenye mkia na utepe kifuani, akazikabidhi kwa mfalme. Kabla ya hapo ni balozi mteule tu.

Mama Pélagie alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa Gitau, kama mfalme mwenyewe anataka karatasi, mimi ni nani nitembee na maneno matupu?"

Doña Remedios alipokuwa anaondoka mwaka 2007, Mama alimwomba barua. Ilikuwa fupi, yenye muhuri, ikisema kwamba Señora Pélagie Nabintu hupumzika kila Jumapili mpaka saa saba na nusu, na kwamba atakayekuja anaombwa kuiheshimu desturi hiyo. Kuanzia hapo kila balozi aliyeondoka alimwandikia mpya kwa ajili ya mrithi wake.

Don Fermín aliipokea ya kwanza na kucheka mpaka miwani ikaanguka. Huyo alikuwa mpenzi wa historia, na mara nyingi alishuka jikoni kunywa kahawa na kusimulia habari za mabalozi wa nchi yake wa zamani. Alisimulia habari za yule aliyekaa London zaidi ya miaka mia tano iliyopita, ambaye nchi yake ilimsahau kiasi kwamba alikuwa anakwenda kula kwa mfalme wa Uingereza, na wakubwa wa pale wakimwona anakuja wanaambiana: huyo anafuata chakula. Mama Pélagie alisema basi aliyeiweka Hispania Uingereza ni mpishi. Don Fermín aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Alisimulia pia habari za mjumbe aliyekuja hapa hapa Stockholm miaka ya 1650, enzi za Malkia Kristina, akawa rafiki wa malkia, na malkia yule baadaye akaacha kiti cha enzi akabadili na dhehebu. Mama alitaka kujua kwanza huyo mjumbe alipikiwa na nani.

Wa nne, Don Leandro, ndiye aliyeniajiri mimi. Alikuwa ametumikia Nairobi ujanani na alijivunia Kiswahili chake. Tatizo ni kwamba alijua amri tu. "Lete chai! Haraka! Funga mlango! Pole pole!" Basi. Mimi niliudhika, nikamwambia Mama nitarudi zangu nyumbani Tumba nikatafute kazi ya kufagia treni. Mama akanijibu kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Weye tulia. Mutu anaongea vile walimufundisha." Akaanza kumfundisha upya. Kila Don Leandro alipoagiza chai kwa amri, Mama alisimama hapo hapo akitabasamu, hakusogea, mpaka neno "naomba" litoke. Ilichukua majira ya baridi mawili. Siku anaondoka, balozi yule alisimama mlangoni akasema, "Naomba samahani, naomba kwaheri." Haikuwa sawasawa, lakini tulilia sote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmeniomba niliandike, maana mwaka 2016 kwaya ilibaki bila kiongozi Jumapili sita, Pasaka ikiwemo, na mpaka leo wapo wanaodhani alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa.

Don Baltasar alifika mwishoni mwa Februari. Mama Pélagie alivaa kitenge kizuri, akamwendea sebuleni siku ya pili na barua yake kwa mikono miwili. Don Baltasar ni mtu wa utani, na Mama hakuwa amelijua hilo bado. Akamwambia kwa uso mkavu, "Señora, mimi bado si balozi. Mfalme hajanipokea. Siwezi kupokea barua yoyote." Kisha akaenda zake kufungua masanduku, akidhani wamecheka pamoja.

Mama alirudi jikoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Akamuuliza Gitau kama ni kweli. Na Gitau, badala ya kufikiri kidogo, akasimama wima akasema, "Ni kweli kabisa, Mama. Hata bendera ya gari hatujaweka." Ikawa imehukumiwa. Barua haijapokelewa, kwa hiyo ruhusa haipo. Nilimwambia aende tu ibadani, nani atamuuliza? Binti yake Victoire akampigia simu akimwambia kwa Kiswidi, *mamma, säg bara till honom*, mwambie tu, hii si enzi ya malkia. Mama akasema kwamba yeye hawezi kumwibia mtu saa ili ampelekee Mungu.

Lakini nadhiri nayo ilikuwa pale pale. Jumapili ya kwanza, saa nne asubuhi, nilimkuta amesimama katikati ya jikoni na kitenge chake, uso umeelekea friji. Akasema, "Mueni, zima moto. Nilimwahidi Mungu kusimama na watu, haikuandikwa watu wangapi." Tukasimama, mimi, yeye, Gitau, na Severin wa bustani, ambaye ni mkimya na huwa haimbi, akaimba. Dakika arobaini, na maharage yanangoja. Jumapili sita tulifanya hivyo. Siku ya Pasaka Mama aliimba huku machozi yanamdondoka, kwa sababu alijua kwamba saa ile ile hapa Hallonbergen sauti ya pili inapotea na hakuna wa kuirudisha. Alisema hajui kama Mungu anaihesabu jikoni. Sijamwona akiwa na hofu hivyo kabla wala baada.

Jumapili ya tano Don Baltasar alikuwa anatafuta maji ya kunywa, akasikia. Akashuka, akasimama mlangoni, akatungoja tumalize. Akauliza kwa nini Mama hayuko kanisani, maana alishaambiwa na mtangulizi wake kwamba kila Jumapili hayupo. Gitau akaanza kueleza itifaki. Alipofika kwenye bendera, balozi alishakuwa mwekundu. Akasema ilikuwa mzaha! Akamwomba Mama msamaha mbele yetu, akanyoosha mkono apewe hiyo barua sasa hivi.

Na Mama Pélagie akakataa. Alimwambia kwa upole kwamba Don Baltasar bado ni balozi mteule, na yeye hatoi barua mara mbili kwa mtu ambaye hajapokelewa. "Alhamisi, si hii bali ile ya wiki ijayo, unaenda kwa mfalme, Don Baltasar. Ukirudi utanikuta."

Mniamini, watu wa Mungu: Jumapili ya sita balozi mteule wa Hispania alishuka jikoni saa nne, akavuta kigoda, akakaa karibu na sinki, akaimba kiitikio cha Kiswahili bila kujua neno hata moja.

Alhamisi iliyofuata alipandishwa gari la farasi, akavuka daraja mpaka ikuluni, akakabidhi barua zake. Aliporudi Djurgården hakupewa hata nafasi ya kuvua koti. Mama Pélagie alikuwa kwenye ngazi za mbele amevaa kitenge, sisi watatu tumesimama nyuma yake kwenye mstari. Gitau alimtangaza kwa jina lake kamili na cheo. Mama akainamisha kichwa, akatoa barua kwa mikono miwili. Balozi akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, mpaka muhuri, akasema ameipokea kwa niaba ya ufalme wake. Jumapili iliyofuata Mama alikuwa hapa saa tatu na nusu, akiwakemea sauti ya pili kama vile hakuwahi kukosekana.

Don Ginés, aliyefuata, alimpokelea barua kwenye ngazi zile zile, ingawa mwaka uliofuata korona ilizuia kila kitu na Mama akawa anaongoza kwaya kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya zeituni. Na tangu 2022 tuko na Doña Inmaculada, ambaye yuko nasi leo mstari wa mbele. Karibu sana, Doña. Yeye naye anamaliza mwisho wa mwezi huu. Nchi saba, miaka arobaini na moja, na hapa ndipo anapofunga safari zake.

Mafanikio mengine ya Mama nitayataja kwa haraka, maana hayaishi. Alijifunza Kihispania jikoni bila darasa hata moja, na sasa anakiongea kwa kasi inayowaogopesha Wahispania. Ameandaa sherehe ishirini na tano za tarehe 12 Oktoba, sikukuu ya taifa la Hispania. Amefundisha wasaidizi wanane, na sita wana kazi nzuri za upishi mjini hapa. Sombe yake, yaani kisamvu, imeliwa na mabalozi wa nchi zaidi ya thelathini, na wapo walioomba kuongezewa.

Lakini tendo lake kubwa, kwa maoni yangu, ni la mwezi uliopita.

Doña Inmaculada alimwita aandike naye barua ya mwisho. Alidhani Mama hatahitaji, kwa kuwa anastaafu, ila alitaka ampe moja ya kumbukumbu, yenye jina lake na muhuri. Mama alisema kwamba ana jambo linamsumbua. Gitau ni Msabato. Miaka ishirini na mitatu ameendesha gari lile Jumamosi, siku ambayo kwake ni ya Bwana, na hakuwahi kuomba, kwa sababu kila alipotaka kuomba alijiona hana tortilla ya kumlainisha mtu. Mama aliligundua hilo mwaka huu tu, walipokuwa wanangoja tramu pamoja, na Gitau akalitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Miaka kumi na tisa," Mama alimwambia balozi, "nimebeba barua yenye jina langu peke yangu. Na yeye ndiye alinifundisha kubeba."

Wakaiandika upya pale pale. Haina jina la mtu. Inasema kwamba kila anayefanya kazi katika nyumba ile, awe mpishi, dereva au mtunza bustani, ana siku yake ya kusali, na siku hiyo ataisema mwenyewe. Doña Inmaculada hakutosheka na barua. Alipeleka maneno hayo ofisini, yameingizwa kwenye mikataba yetu, kila mmoja amesaini. Balozi wa nane akija Septemba hakuna atakayesimama kwenye ngazi kumwomba. Jana, Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu 2003, lile gari jeusi liliegeshwa mchana kutwa, na Gitau alikuwa kanisani kwake na mkewe. Leo amekuja kwetu kutushukuru, na mumwonee huruma, maelezo yatakuwa marefu.

Mama Pélagie, sisi wa jikoni tunakushukuru kwa mkono uliotushika tulipokata vidole, kwa sauti iliyotugombeza na kutubariki kwa pumzi moja. Ulitufundisha kumtumikia mtu bila kumwogopa. Bwana akupe afya, akupe wajukuu wanaokuitikia kwa Kiswahili angalau mara moja kwa siku, na akuongezee miaka mirefu yenye amani, ya kuimba na kupumzika.

Na jambo la mwisho. Kila Jumapili, matangazo yakianza, wewe huwa umeshashika koti. Robo karne hujawahi kunywa chai ya baada ya ibada katika ukumbi huu. Dada Perpétue ameshachemsha, maziwa yapo, mandazi yapo. Mchana wa leo tramu iende bila wewe. Kaa, Mama.